Alama Shingoni mwa Ngamia

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa kitambulisho mlangoni, nikaulizwa tena kwenye ngazi, na bado hakuna aliyekuwa ameniuliza kama najua kuchora. Nilikuwa nimetoka Garissa kwa basi la alfajiri, nimevaa jilbabu ya kahawia, na bahasha ya michoro nimeikumbatia kifuani. Bahasha hiyo ndiyo iliyowatia wasiwasi. Askari wa jengo alitaka niifungue, akatoa karatasi moja baada ya nyingine: mbuzi, punda, mwanamke anayesuka mkeka, mbuzi tena. Akaniangalia. "Ni haya tu?" Nikamwambia ni hayo tu. Hakuniamini, na sikumlaumu, maana hata mimi sikuwa nimemwamini.

Nawaandikia ninyi vijana mnaotaka kazi ya katuni, hasa wasichana wa huku kwetu Kaskazini Mashariki, kwa sababu kila nikikaa na ninyi mnaniuliza nilianzaje na niliwezaje kuongoza filamu ndefu. Nitawaambia. Lakini mjue mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikiletewa chai huuliza kwanza nani ameipika. Tabia hiyo imenikosesha marafiki kadhaa na imeniokolea filamu nzima, kwa hiyo msinisubiri niiombee radhi.

Studio yenyewe ilikuwa Nairobi, juu ya duka la mapazia. Aliyenipokea ni Mkuu wa Wachoraji, mwanamume mnene mwenye sweta hata wakati wa jua kali. Alinikalisha kwenye meza ya taa, yaani meza yenye kioo juu na balbu chini yake, ili ukipanga karatasi mbili tatu uone mistari ya zote kwa pamoja. Kazi yangu ilikuwa michoro ya kati. Mchoraji mkubwa huchora mkono ukiwa chini, kisha mkono ukiwa juu, akaenda zake kunywa chai. Mchoraji wa kati huchora safari yote ya mkono huo, karatasi baada ya karatasi, na kila karatasi ikipigwa picha huitwa fremu. Sekunde moja ya filamu hula fremu ishirini na nne. Ukikosea moja tu, mkono unaruka kwenye skrini na watu wanacheka mahali pasipo pa kuchekesha.

Mkuu huyo hakuwa mtu wa maneno mengi, ila jambo moja alilirudia mpaka likaniingia kichwani. "Binti," alisema, "mwenye kamera anaweza kudai mbwa alipita tu. Sisi hatuna mbwa anayepita tu. Ukimwona mbwa kwenye fremu, kuna mtu alimchora. Mtafute, umuulize kwa nini."

Nilihisi huyu mtu ameumbwa kwa ajili yangu. Kumbe kulikuwa na kazi ambayo kushuku ni sehemu ya mshahara!

Nyumbani walinishuku kwa namna yao. Kila nilipokuja likizo, mama alinisubiri nimalize kula, kisha akaanza. "Bado unachora viumbe? Siku ya kiyama utaambiwa uvipulizie roho, utafanya nini?" Shehe mmoja wa mtaani alisema picha za kufundisha watoto hazina neno, mwingine akasema zina neno, na mama akamshika yule wa pili. Mpaka alipofariki hakuwahi kutazama kazi yangu. Aliniombea dua tu, na sikuwahi kujua kama alikuwa akiniombea nifanikiwe au niache. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Baada ya miaka kadhaa nilirudi Garissa, kwenye ofisi iliyotengeneza filamu fupi za elimu kwa wafugaji. Bosi wangu hapo alikuwa Afisa wa Mawasiliano, mwanamume aliyependa kusimama nyuma yako na kupumua. Tulitengeneza katuni ya kuwahimiza watu wachanje mbuzi, tukaifunga projekta kwenye gari tukaenda nayo mji wa Bute. Watu walitazama kwa adabu, wakatushukuru, wakaenda kulala. Asubuhi daktari wa mifugo alipofika na sindano zake, Bute nzima haikuwa na mbuzi.

"Umechora nini?" Afisa akaniuliza, uso umemwiva.

Tukamtafuta mzee mmoja aliyekuwa radhi kusema. Akasema, "Kwenye bicha yenu, daktari anashika kalamu. Mtu ya dawa anafanya nini na kalamu? Anahesabu. Leo anahesabu, kesho anakuja na lori kuchukua."

Kweli, mchoraji wetu alikuwa amempa daktari kalamu ili mkono usikae mtupu. Nikamrudisha kazini akaitoa. Filamu ikarudi Bute na daktari mwenye sindano peke yake, na mbuzi wakaonekana. Tangu hapo nilijua watu wetu hawatazami katuni kama watoto wanavyotazama. Wanaikagua.

Sasa niwaambie filamu ndefu, ambayo ndiyo mnayoitaka.

Filamu ndefu ni ile inayopita saa moja, na kuichora huchukua miaka. Nilikodi vyumba viwili Garissa, nyuma ya duka la mabati, nikakusanya vijana wachache. Kiongozi wao alikuwa Abdirizak, kijana mtulivu anayeweza kumchora ngamia akinyanyuka hata ukahisi uzito kwenye magoti yako mwenyewe. Nairobi kulikuwa na Mtayarishaji. Hawa watu wawili msiwachanganye: mtayarishaji hutafuta fedha na kupanga kazi, mwongozaji hujibu kila swali la "iwe vipi?" Mtayarishaji wangu alikuwa na tabasamu zuri mno na aliniita Director hata tukiwa wawili tu. Nilishuku anataka kuweka jina lake juu ya langu.

Hadithi ilikuwa ya msichana anayeitwa Ubah. Ngamia wa familia yake wanaibwa, naye anawafuata kwa nyayo hadi anawarudisha. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia, kwa sababu ngamia wa kwetu hana shingo tupu. Ana alama ya moto, inayoitwa sumad, na kila ukoo una yake. Mtu wa Habaswein akiona ngamia anakatiza barabara hamtazami nundu wala macho. Anatazama alama, na papo hapo anajua ni mali ya nani na wajukuu wa nani. Ukichora alama ya kweli kwenye ngamia wa Ubah, umefanya filamu ya ukoo mmoja, na wengine wote watazima mashine. Mimi nilitaka filamu ya wote, ionekane kila mji bila mtu kunyanyuka kwenye mkeka. Sikuwa na ndoto nyingine kubwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo nilibuni alama isiyo ya mtu: ndoano yenye mstari mfupi upande wa kushoto. Nikaichora kwenye karatasi nikazunguka nayo kwa wazee, mji kwa mji, nikiuliza kama kuna mwenyewe. Fikirieni mwanamke amefika kwa gari la kukodi, hana ngamia hata mmoja, anauliza alama za watu.

Habaswein nilipokelewa na Adeer Bare, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina ambaye neno lake lilisikika mbali. Adeer ni baba mdogo, nasi tunawaita hivyo wazee wote wa heshima.

"Umeibiwa?" akaniuliza.

"Hapana, Adeer. Sina ngamia."

"Basi umetumwa na serikali."

"Sijatumwa na mtu. Natengeneza filamu ya katuni."

Akaishika karatasi, akaitazama, akanitazama, akaitazama tena. "Hii alama si ya mtu," akasema. "Lakini mwanamke ambaye haina ngamia na inauliza alama, hiyo pia sijawahi kuona." Hata hivyo tulielewana. Alikuwa na sauti nzito yenye mikwaruzo, nikamwomba awe babu yake Ubah. Katika katuni sauti hurekodiwa kwanza, halafu mdomo unachorwa uifuate. Alikuja Garissa akarekodi, akaniambia yule babu anaongea upuuzi mwingi, akabadilisha maneno yake yote, na yakawa bora.

Filamu ilipokaribia kukamilika tuliipeleka Habaswein kwa onyesho la majaribio. Mchana, kwenye darasa la shule, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi. Watu walijaa. Wanawake walimpenda Ubah, watoto walimpigia makofi punda, na sauti ya Adeer Bare iliposikika darasa lote lilimgeukia, naye akajifanya hasikii. Nilianza kupumua.

Kisha mwizi akatokea, akiwaondoa ngamia aliowaiba. Kicheko kikakatika. Hakuna aliyepiga kelele, walinyamaza tu, safu ya wazee kwanza, halafu nyuma yao, mpaka nikasikia feni ya projekta.

Adeer Bare akasimama. "Zima."

Abdirizak akazima. Mablanketi yakatolewa dirishani.

"Hizo ngamia ziko kwa mwizi," Adeer Bare akasema polepole, "na shingo yake iko na alama ya watu wangu. Kwa msichana zilikuwa na alama ingine. Mwizi ameiba na ameweka alama yetu. Sisi ndio wezi?"

"Adeer, haiwezekani. Alama ni ile niliyokuonyesha."

"Mimi ni kipofu?"

Tukawasha tena, tukasimamisha kwenye ile picha. Nikaona ndoano, na mstari mfupi upande wa kulia. Mstari ukikaa kulia, alama si yangu tena. Ni ya ukoo wake, na kila mtoto mle ndani aliijua.

"Nani alichora?" akauliza. "Leta jina."

Vijana wa mbali mtasema si ungetoa jina yaishe. Kwetu jina halitoki peke yake. Ukimtaja mtu umemtaja baba yake na ukoo wa baba yake, na hao ndio watakaoitwa kikaoni kujibu. Abdirizak alizaliwa katika ukoo uliogombana na watu wa Adeer Bare kwa sababu ya kisima, na suluhu yao ilikuwa bado changa. Alikuwa pale karibu na projekta, anakunja nyaya, hainui kichwa.

Nilimshuku papo hapo. Nani mwingine alikuwa na sababu? Yale maneno ya Mkuu wa Wachoraji kuhusu mbwa yalinigonga kichwani: kuna mtu alimchora. Lakini kushuku ni kitu kimoja na kumtoa mtu mbele ya watu ni kitu kingine.

"Jina ni langu," nikasema. "Filamu ni yangu, nitajibu mimi."

"Wewe hukuchora."

"Nitajibu mimi, Adeer."

Akavaa kofia yake. "Basi mbaka ujibu, hii filamu haionekani Habaswein. Na nitatuma habari Bute, na Rhamu, kwamba kuna katuni inatukana watu. Na sauti yangu pia, toa."

Tukapakia projekta tukaanza safari ya kurudi Garissa. Tulipofika kwenye lami nzuri nikasema, "Abdirizak, kuna jambo unataka kuniambia?"

"Hapana, eddo," akajibu. Eddo ni shangazi. "Wewe kuna jambo unataka kuniuliza?"

Nikasema hakuna. Tukaendelea kutazama barabara.

Kesho yake nilijifungia na kile kipande cha mwizi. Nilikitazama mbele na nyuma, shingo kwa shingo, nikitafuta mkono wa Abdirizak kwenye mistari. Ngamia walikuwa wake, huo mwendo ningeutambua popote. Alama ilikaa vizuri, haikuwa na dalili ya kufutwa wala kuongezwa. Nilikaribia kukata tamaa, ndipo nikamtazama mwizi mwenyewe. Kabla ya kuondoka anamalizia chai yake. Kikombe kilikuwa mkono wa kushoto.

Nilisimama nikamwita Abdirizak kwa sauti. Mchoraji wangu hata awe na chuki gani, ni mtoto wa Kiislamu wa huku. Amechapwa vidole tangu hajaota meno kwa kushika chakula na kushoto. Mkono wake hauwezi kuchora jambo hilo bila yeye kushtuka. Nikaangalia kisu kiunoni: upande usio wake. Picha nzima ilikuwa imegeuzwa, kulia kuwa kushoto. Kompyuta hufanya hivyo kwa kubofya mara moja, na studio nyingi hupenda kwa sababu ngamia aliyechorwa akienda kulia utampata bure akienda kushoto.

Abdirizak akaja, akainama kwenye skrini. "Eddo, mimi nilimchora akienda kulia," akasema. Halafu, bila kuniangalia: "Sasa umeacha?"

"Kuacha nini?"

"Kunishuku."

"Kwa hili, ndiyo," nikamwambia, na akacheka mpaka akakaa chini.

Nikampigia Mtayarishaji. Kwanza alinisifu, halafu akaniuliza hali ya hewa Garissa, na hapo nikajua anaficha jambo. Mwishowe akakiri kwamba alikuwa amekichukua kipande kile akawapa watu wengine wakimalize haraka, bila kuniambia. Wakaona mwizi na Ubah wote wanaelekea kulia, wakahofia mtazamaji atachanganyikiwa nani anakwenda na nani anarudi, wakamgeuza mwizi pamoja na ngamia wake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua utakataa. Director, ngamia ni ngamia. Akigeuka, si bado ni ngamia?"

Miaka yote nilimshuku kwa jina lake kwenye bango, kumbe hatari ilikuwa hapa. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, na tangu siku hiyo hakuna fremu iliyotoka kwangu bila mimi kuitazama mara ya mwisho.

Nilirudi Habaswein na kompyuta ndogo na karatasi ya plastiki, ile inayopitisha mwanga. Adeer Bare alikaa na wazee wawili, hawakunikaribisha chai. Sikueleza chochote. Nilimwonyesha mwizi na kikombe.

Akakaribia. Akarudi nyuma. "Anakunywa na kushoto."

"Ndiyo, Adeer."

"Hata mwizi hawezi." Mabega yake yakaanza kutikisika, akawaita wenzake waone, wakacheka wote watatu. Nikachora alama yangu kwenye ile plastiki, nikaigeuza mbele yake. Akaninyang'anya. Akaigeuza mwenyewe, akairudisha, akaigeuza tena, akaiinua juani. Hakutaka kuniamini mimi, alitaka kuuamini mkono wake.

"Sawa," akasema mwishowe. "Hakuna mtu imetutukana. Sasa mimi nakusaidia. Kwa ngamia za msichana weka alama yangu. Yeye ni msichana fizuri, iwe ya kwetu."

Nikamtazama yule mzee, na ndevu zake nyekundu, na macho yake matulivu. Nikashuku kwamba hasira yote ile ilikuwa njia ya kufika hapa. Nashuku hivyo mpaka leo.

"Adeer, nikiweka yako, Bute watasema ni filamu ya Bare."

"Ni ubaya gani?"

"Na Rhamu watatoka nje."

Akafikiri. "Basi toa zote," akasema kwa hasira ndogo. "Kila mtu akose."

Alidhani ananikomoa. Mimi nilikaa na neno hilo njia nzima. Ngamia mwenye shingo tupu kwetu ni mali isiyo na mwenyewe, ni jambo la kutisha kidogo. Lakini sikuwa na njia nyingine ya kuifanya iwe ya wote. Tukafuta alama, fremu kwa fremu, mwizi akarudishiwa mkono wake wa kulia, na sauti ya babu ikabaki palepale, kwa sababu mwenyewe aliacha kuidai.

Onyesho la pili Habaswein, Adeer Bare hakufuata hadithi hata kidogo. Alitazama shingo mpaka mwisho. Kisha akasimama akawatangazia watu, "Hizi ni zetu. Angalia nundu." Bute nao wakasema ni za kwao, ukitazama miguu. Hakuna aliyetoka nje.

Nimestaafu sasa. Macho yamechoka, na studio ameishika Abdirizak, ambaye ameanza kukagua kila fremu kwa jicho baya, alhamdulillah. Vijana wananiletea picha nzuri, nauliza nani alichora, wananijibu, "Ni AI, eddo, hakuna mtu." Hilo jibu linaninyima usingizi. Nikiona kosa nimuulize nani? Kagueni, wanangu. Kagueni hata kazi ya mnayempenda, na mkishamaliza kukagua, mlindeni mbele za watu.

Onyesho langu la mwisho kabla ya kustaafu lilikuwa Rhamu. Watu walipokuwa wakitawanyika, mwanamke mzee kuliko mimi alikuja moja kwa moja akanishika mkono juu ya kiwiko.

"Abaayo," akasema, dada, "zile ngamia uliziona wabi?"

"Tumezichora, eddo."

"Hapana. Ni za baba yangu. Zilichukuliwa nikiwa msichana, kama yule wako. Ile ya mbele yenye sikio imekatika, mimi nilikuwa naiita jina."

Sikio lile Abdirizak alilikata ili tu ngamia wa mbele ajulikane kwa haraka. Nikamwambia ni picha, ni kazi ya kompyuta, hakuna ngamia popote. Akakaza mkono.

"Siulizi nani anazo. Mimi sitaki kesi. Niambie tu, huko zilipo, zinakunywa maji?"

Nikamwambia zinakunywa. Aliniangalia usoni kwa muda mrefu, bila kuniamini, kisha akaniachia mkono.